Poti ya poka: lini kuikuza, lini kuiacha ndogo

Watu wengi wanaamini kwamba mtu anapoteza pesa kwenye karata kwa sababu alipata karata mbaya. Ukiangalia vizuri, mara mingi si hivyo. Mwenye karata mbaya anazitupa mapema, anapoteza kidogo, anangoja zingine. Anayerudi nyumbani mikono mitupu ni yule aliyepata karata nzuri kidogo, si nzuri sana, kisha akaziwekea pesa ya karata nzuri sana. Karata hazikuwa kosa lake. Kosa lilikuwa ukubwa wa poti.

Hapa Kapata, cité ya zamani ya wafanyakazi wa Gécamines karibu na Kolwezi, jambo hili linagusa watu wengi kuliko wacheza karata peke yao. Pesa ya mchimbaji haifiki kila mwisho wa mwezi kama mshahara. Inafika kwa mkupuo siku mawe yameuzwa depo, halafu inaweza kupita wiki mbili ama tatu bila kitu. Mtu wa pesa ya namna hiyo anahitaji kujua kipimo kuliko mtu wa mshahara. Ni hivyo pia kwa ndugu zetu wa mashimo ya dhahabu kule Ituri na Kivu ya Kusini, na wa koltani kule Masisi.

Makala haya hayamwambii mtu aanze kucheza. Wanaocheza wanacheza tayari. Tunataka kufafanua kitu kimoja: ile pesa iliyo katikati ya meza inakua namna gani, nani anaikuza, na namna gani mtu anaweza kuizuia. Mwishoni tutatoka mezani na kwenda shimoni, sababu hesabu ni ile ile.

Poti ni nini

Kila mtu hapa anajua likelemba. Watu 10 wanatoa kila mmoja franka 20,000, mmoja anabeba 200,000, zamu inaendelea. Uzuri wa likelemba ni kwamba ukubwa wa pesa unajulikana kabla. Hakuna anayefika siku ya kutoa na kusikia kwamba sasa ni 60,000.

Poka ni kinyume. Pesa ya katikati inaitwa poti, na hakuna anayejua itafika wapi. Wachezaji wenyewe ndio wanaamua, hatua kwa hatua. Katika poka inayochezwa sana leo duniani, kila mchezaji anapata karata mbili za siri. Kisha karata tano zinafunguliwa mezani: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Kila mtu anatafuta karata tano zilizo bora kati ya zile saba anazoziona.

Pesa inawekwa mara nne: kabla ya karata za meza, baada ya zile tatu, baada ya ya nne, na baada ya ya tano. Kila mara una uchaguzi. Kama hakuna aliyeweka, unaweza kugonga meza tu bila kutoa kitu, ama unaweka. Kama mwenzako ameweka, unalipa kiasi chake, unapandisha, ama unatupa karata na kuacha yote uliyokwisha kuweka.

Namna inavyokua

Watu wanadhani poti inakua kama mtu anayeongeza tofali juu ya tofali. Hapana. Inakua kwa kuzidisha, na hapo ndipo wengi wanapotelea.

Tuseme wamebaki wachezaji wawili. Karata tatu ziko wazi, na katikati kuna franka 3,000. Zimebaki hatua tatu za kuweka pesa. Mmoja anaweka kiasi sawa na poti, mwingine analipa, kila hatua hivyo hivyo. Poti itatoka 3,000, ifike 9,000, kisha 27,000, kisha 81,000. Kila mmoja ametoa 3,000, halafu 9,000, halafu 27,000. Jumla ni 39,000 kwa mtu mmoja, ndani ya dakika chache.

Sasa tuseme wanaweka nusu ya poti kila hatua. Poti itatoka 3,000, iende 6,000, 12,000 na 24,000. Kila mmoja ametoa 10,500.

Mwisho, tuseme wanaweka nusu ya poti mara mbili, na hatua moja wanagonga meza tu. Poti inaishia 12,000. Kila mmoja ametoa 4,500.

Karata ni zile zile, watu ni wale wale. Lakini aliyeshindwa amepoteza 39,000, ama 10,500, ama 4,500. Na angalia ile 27,000 ya mwisho: haikuanguka kutoka mbinguni. Ilizaliwa siku ile mtu alipoweka 3,000 ya kwanza bila kufikiri. Mwenye kukubali hatua ya kwanza kubwa amekwisha kuita hatua ya mwisho kubwa zaidi.

Karata za aina tatu

Kanuni ya wachezaji wa siku nyingi ni fupi: karata kubwa, poti kubwa; karata ya katikati, poti ndogo. Lakini kanuni bila sababu inasahaulika upesi, kwa hiyo tuangalie sababu.

Una asi na saba mkononi. Mezani kumefunguka asi, kumi na nne. Una asi mbili. Ni karata nzuri, ndiyo. Sasa weka pesa kubwa mara tatu, kisha jiulize: nani atakulipa mpaka mwisho? Mwenye kumi moja ataogopa atupe. Mwenye nne atatupa. Atakayebaki ni mwenye asi na mfalme, mwenye asi na kumi, ama mwenye kumi tatu. Kwa maneno mengine, umewafukuza wote unaowashinda, umebaki peke yako na wale wanaokushinda. Na umebaki nao ndani ya poti kubwa.

Kwa karata kama hiyo, afadhali kuweka kiasi hatua moja, kisha kugonga meza hatua inayofuata. Mwenye kumi yake atafikiri huna kitu, anaweza kulipa kidogo mwishoni. Unapata faida ndogo kwa wanaokuwa chini yako, na hasara ndogo kwa walio juu yako.

Kama wewe ndiye mwenye kumi tatu, mambo yanageuka. Hapo kugonga meza ndiyo hasara. Tumeona kwamba hatua moja ikipita bure, poti ya 24,000 inabaki 12,000. Nusu imepotea, na huwezi kuirudisha hatua ya mwisho kwa kuweka pesa nyingi ghafla, sababu mwenzako ataona na atakimbia. Mwenye karata kubwa anaanza kujenga mapema.

Zinabaki karata mbaya. Nyingi zinatupwa. Lakini mara moja moja mchezaji mwerevu anazitumia kutisha watu, anaweka pesa kama mwenye karata kubwa ili wengine watupe zao. Kutisha huku si wazimu. Mtaalamu wa hesabu John von Neumann, mzaliwa wa Budapest, alionyesha sababu yake katika kitabu alichoandika pamoja na Oskar Morgenstern mwaka 1944. Alitengeneza poka ndogo ya wachezaji wawili na akatafuta njia bora ya kucheza. Jibu lilikuwa hivi: anayeongea wa kwanza aweke pesa akiwa na karata bora kabisa, na pia mara fulani akiwa na mbaya kabisa; akiwa na za katikati, agonge meza. Kama ungeweka pesa kwa karata kubwa tu, kila mtu angejua na hakuna angekulipa.

Mtu huyu ana kamba inayomfunga na Katanga. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa mmoja wa wataalamu wa Los Alamos, kule Marekani bomu la atomiki lilikotengenezwa. Sehemu kubwa ya uranium ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, iliyoitwa Jadotville. Hesabu ya kutisha na kutishwa, na jiwe la kwetu, vilikutana katika kazi moja.

Bei ya kulipa

Mara mingine si wewe unayeweka. Mwenzako ameweka na wewe unaulizwa: unalipa ama unatupa? Hapa ukubwa wa poti unakuwa bei, kama bei ya sokoni.

Tuseme una karata nne za kopa, mbili zako na mbili za mezani. Ukipata kopa ya tano umeshinda. Imebaki karata moja ya kufunguliwa. Karata usizoziona ni 46, na kati yake kopa ni 9. Maana yake utashinda chini kidogo ya mara moja katika mara tano.

Ndani ya poti kuna 6,000. Mwenzako anaweka 3,000. Ukilipa na kushinda, unapata 9,000 juu ya pesa yako. Ukishindwa, 3,000 imekwenda. Cheza hali hii mara 46, kila karata itoke mara moja: utashinda mara 9, yaani 81,000. Utapoteza mara 37, yaani 111,000. Umebaki na deni la 30,000. Kulipa ni hasara, hata kama leo kopa imetoka na watu wanapiga kelele za furaha.

Lakini kama mwenzako ameweka 1,000 tu? Ukishinda unapata 7,000. Mara 9 ni 63,000. Mara 37 za kupoteza 1,000 ni 37,000. Umebaki na faida ya 26,000. Karata zile zile, tumaini lile lile, bei tofauti.

Kwa hiyo aliye na karata nzuri asigonge meza kila mara kwa woga. Akiona kopa zinakusanyika mezani na kugonga meza, amempa mwenzake karata ya bure. Nusu ya poti inatosha kufanya tumaini la mwenzake liwe ghali. Kuzuia poti kuna bei yake pia, na mchezaji anapima bei zote mbili.

Kuna sentensi moja inayoharibu watu hapa: “Nimeshaweka pesa mingi, siwezi kuacha.” Pesa uliyoweka si yako tena. Ni ya poti. Ni kweli kwamba poti kubwa inafanya malipo yako ya sasa yawe rahisi ukilinganisha na unachoweza kupata. Lakini haijalishi kama pesa ile ilitoka mfukoni mwako ama kwa jirani. Swali ni moja tu: kwa ninachoongeza sasa, naweza kupata nini, na mara ngapi?

Pesa iliyo mbele yako

Kabla ya kuweka chochote, hesabu pesa uliyo nayo mezani, kisha linganisha na poti. Kama poti ni 3,000 na wewe una 60,000, uko na nafasi ya kufikiri, kuna hatua nyingi mbele. Kama poti ni 20,000 na wewe umebaki na 20,000, nafasi imekwisha. Kuweka mara moja tu kutakumaliza.

Tumeona kwamba nusu ya poti mara tatu, kuanzia 3,000, inataka 10,500. Basi mwenye 10,500 mbele yake, akiweka nusu ya kwanza ya 1,500, anafaa ajiulize siku hiyo hiyo: karata hizi naweza kuzipelekea 10,500 zote? Kama jibu ni hapana, agonge meza sasa, wakati kugonga bado ni bure.

Nafasi ya kukaa ina nguvu vilevile. Anayeongea wa mwisho ameona wengine wamefanya nini. Wote wakigonga, yeye anaweza kufunga hatua bila pesa, ama kuikuza. Anayeongea wa kwanza hana kitufe hicho. Akigonga, mwingine anaweza kupandisha nyuma yake. Ndiyo sababu mwenye karata ya katikati, akiwa wa kwanza kuongea, anaingia kwa uangalifu zaidi.

Shimo nalo lina poti

Sasa tutoke mezani. Kuchimba shimo kwa mkono kunafanana sana na hatua nne za karata. Kuna pesa ya kuanza: majembe, kamba, taa, chakula cha timu. Kuna pesa ya kushuka mita za kwanza. Kuna pesa ya kuendelea baada ya kuona rangi ya jiwe. Na kuna pesa ya mwisho ya kutoa, kuosha, kubeba mpaka depo. Mara mingi kuna mwenye kutoa pesa, anayesubiri sehemu yake ya mawe. Kwenye mashimo ya dhahabu ya Kivu na Ituri wanamwita PDG. Yeye na timu wamekaa ndani ya poti moja.

Karata za meza zinafunguka polepole: mita kumi, mita kumi na tano, jiwe la kwanza lililopelekwa kupimwa. Swali la kila hatua ni lile lile: tuliyoyaona yanastahili kuongeza pesa? Jiwe lenye madini ya wastani ni karata ya katikati. Linataka poti ndogo: maliza ulichoanza, uza, lipa deni. Halitaki kukopa tena kwa watu watatu ili kuchimba mashimo mengine mawili pembeni.

Na bei ya nje inabadilika bila kutuuliza. Machi 2018, tani moja ya kobalti ilikuwa karibu dolari 95,000 kwenye soko la London. Mapema 2019 ilikuwa imeshuka mpaka karibu 30,000. Aliyekopa kwa hesabu ya 2018 alijikuta analipa deni kwa bei ya 2019. Tena, tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa miezi minne, kisha ikaongeza miezi mitatu, halafu Oktoba ikaleta mfumo wa kiasi maalum kwa kila kampuni. Aliyekuwa ameweka kila kitu ndani ya shimo moja hakuwa na cha kungojea nacho.

Wazee wa Kapata wanakumbuka poti nyingine. Mwaka 2003, kwa pesa ya Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Waliokuwa na miaka mingi ya kazi walipewa pesa mara moja, halafu basi. Pesa ya mara moja inaonekana kubwa siku ya kwanza, sababu hakuna hatua nyingine nyuma yake ya kulinganisha nayo. Hesabu yake haina huruma: mtu akipoteza nusu ya alicho nacho, hahitaji kupata nusu ili arudi alipokuwa. Anahitaji kuzidisha mara mbili kilichobaki. Akipoteza robo tatu, anahitaji kuzidisha mara nne. Ndiyo maana kipimo kinakuja kabla ya tumaini.

Mahali mfano unapoishia

Mezani, karata mbaya inachukua pesa tu. Shimoni inachukua mtu. Kanuni za uchimbaji wa mikono katika nchi yetu haziruhusu kupita mita 30 kwenda chini, na kila mtu anajua mashimo yanayopita. Tarehe 27 Juni 2019, udongo ulianguka kwenye machimbo ya Kamoto Copper Company hapa Kolwezi na kuua wachimbaji wasiopungua 43. Sentensi ile ya “nimeshaweka mingi, siwezi kuacha” ni ya hatari mezani. Chini ya ardhi, ukuta ukianza kutoa vumbi, ni ya kuua. Hakuna hesabu ya poti inayoweka bei ya mtu.

Jambo la pili: pahali pa mchezo panapokata sehemu ya kila poti, wachezaji wote kwa pamoja wanatoka na kidogo kuliko walichoingia nacho. Poti zikiwa nyingi, mkato ni mwingi. Na katika pari ya mpira, hakuna hatua wala kugonga meza: unatoa pesa mara moja, bei imepangwa na kampuni, kazi yako imekwisha. Kitu pekee unachokishika mkononi mwako ni kiasi unachotoa.

Basi mwenye kucheza, na mwenye kuchimba, anaweza kubeba mambo haya manne. Kabla ya hatua ya kwanza, hesabu hatua ya mwisho itakudai kiasi gani. Karata ya wastani, iweke kwenye poti ndogo. Ukiulizwa kulipa, angalia utakachopata, usiangalie ulichokwisha kutoa. Na pesa ya unga, ya kodi ya nyumba na ya shule ya watoto isifike mezani wala shimoni. Igawe siku ile mawe yanapouzwa, mama wa nyumba akiwepo, kabla hujakaa na wenzako.